Viriba vya Kinamasini: Historia ya Majina ya Mimea Inayokula Wadudu



Wapendwa waamini na ndugu wasomaji, wiki hii naomba mniruhusu niiweke kando kalenda ya liturujia, twende pamoja kinamasini. Wamekuwapo duniani watu wachache ambao kazi ya maisha yao ilikuwa kuipambanua mimea inayokamata wadudu na kuwala: upi ni upi, upi ni ndugu wa upi, na upi umepewa majina matatu na watu watatu wasiofahamiana. Historia ya kazi hiyo ina padre ndani yake, ina makosa ya kuchekesha, na inapita karibu na milango yetu kuliko tunavyodhani. Inaanzia Madagaska na Asia ya mbali, inapita Msalala, Uzinza, Ukerewe na Old Shinyanga, halafu inateremka mpaka Songea.

Nianze na ule ulio maarufu kuliko yote. Wataalamu huuita Nepenthes. Kwa Kiswahili tuuite mmea-mtungi, kwa kuwa ndivyo ulivyo. Ncha ya jani lake hurefuka ikawa kama uzi, kisha mwisho wa uzi huo huvimba na kuwa mtungi mdogo wenye mdomo unaoteleza na kifuniko juu yake. Ndani mna majimaji. Mdudu anayevutwa na utamu wa mdomoni huteleza, huzama, na mmea humeng'enya mwili wake taratibu ili kupata naitrojeni ambayo udongo hauna. Hilo la udongo tulishike, maana ndilo linaloiunganisha mimea hii yote: huishi mahali fukara, penye mchanga uliooshwa na mvua au tope lisilo na rutuba, ambapo mmea mwingine ungekufa njaa.

Mmea-mtungi hauoti popote katika bara la Afrika. Walio nao ni jirani zetu wa baharini: Madagaska ina spishi mbili, na Shelisheli ina moja. Nyingine, ambazo jumla yake sasa ni zaidi ya 150, zimetawanyika Asia ya Kusini-Mashariki hadi Australia, na mbili tatu zimebaki Sri Lanka na India. Hata hivyo ni Madagaska ulikoandikwa kitabuni kwa mara ya kwanza. Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa Wafaransa huko Fort-Dauphin, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1658. Alisimulia kwamba wenyeji waliamini kuwa mtu akiuchuma mtungi ule njiani, mvua haikosi kunyesha siku hiyo hiyo. Akaongeza, kwa ukavu wa mtu wa serikali, kwamba yeye na Wafaransa wenzake waliuchuma, na mvua haikunyesha. Sisi watu wa Shinyanga, ambao tumeiomba mvua kwa Rozari, na kwa njia nyingine ambazo haipendezi paroko azitaje, tusiwacheke Wamalagasi.

Mwaka 1737 Carl Linnaeus, yule Mswidi ambaye baadaye aliupa ulimwengu utaratibu wa majina mawili ya Kilatini tunaoutumia hadi leo, alichagua jina Nepenthes. Alilitoa katika utenzi wa Homeri, mahali ambapo Helena anatia katika divai dawa ya kuwasahaulisha watu huzuni zao. Ni jina zuri, ingawa sidhani kama nzi aliyezama mtungini angekubaliana nalo.

Baada ya Linnaeus ndipo anapoingia padre. João de Loureiro, Mreno wa Shirika la Yesu, alifika Cochinchina, ambayo leo ni sehemu ya Vietnamu, mwaka 1742. Wamisionari hawakukaribishwa huko kwa ajili ya Injili. Waliokubaliwa walikuwa wale wenye elimu ya kuwafaa watawala, kwa hiyo Padre Loureiro alikaa kwenye himaya kama mtaalamu wa hesabu na wa viumbe. Dawa za Ulaya hazikumfikia, akalazimika kujifunza mitishamba ya wenyeji, na kutoka mitishamba akaingia katika mimea yote. Alikaa huko takriban miaka 35. Wakati yeye akikausha majani, nyumbani kwao nyumba iliungua nyuma yake: mwaka 1759 Ureno iliwafukuza Wajesuiti, na mwaka 1773 Papa Klementi wa Kumi na Nne akalifuta shirika lenyewe. Padre huyu aliondoka Ureno akiwa mwana wa shirika, akarejea Lisbon akiwa mzee asiye na shirika, mkononi akiwa na mswada. Kitabu chake kuhusu mimea ya Cochinchina kilichapwa mwaka 1790, na mwaka uliofuata akafa.

Katika kitabu hicho mmea-mtungi unaitwa Phyllamphora mirabilis, yaani jani-mtungi la ajabu. Neno hilo la mwisho limebaki: tangu mwaka 1916 wataalamu wanauita Nepenthes mirabilis, nao ndio ulioenea kuliko wenzake wote wa jenasi hiyo. Lakini katika maelezo yake Padre Loureiro aliandika kwamba kifuniko cha mtungi hujifunga na kujifungua chenyewe. Hakifanyi hivyo. Kifuniko kikishafunguka mtungi ukiwa mchanga, hukaa vile vile mpaka jani linyauke. Kazi yake ni kuzuia mvua. Waliokuja baadaye wameona kosa hilo na kuhitimisha kwamba pengine hakuwahi kuutazama mmea huo ukiwa hai, wala kukaa mbele yake asubuhi moja.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Miaka 35 ni mingi. Ni mingi kuliko miaka ambayo maparoko wengi wanakaa jimboni kabla ya kustaafu. Mtu anaweza kukaa mahali umri wake wote, akajua lugha, akajua nani ni shemeji ya nani, na bado asiwe amekitazama kitu kimoja kilichoota kando ya njia yake. Simshutumu Padre Loureiro. Alikuwa na roho za watu za kuzitunza, na kitabu chake kimewafaa wasomi kwa zaidi ya miaka 200. Hata pwani yetu imo ndani yake, maana safari zake zilimgusisha na Afrika ya Mashariki, na kahawa ya mwitu ya pwani hii bado inaitwa kwa jina alilolitoa yeye: Coffea zanguebariae. Ila kifuniko kile hakikumsubiri.

Hapa yafaa nigusie swali ambalo wanafunzi wa Kipaimara hawachelewi kuliuliza: katika kitabu cha Mwanzo Mungu anawapa wanyama mimea iwe chakula chao, sasa inakuwaje mmea umle mnyama? Je, ni matokeo ya dhambi ya Adamu? Mtakatifu Thomas wa Akwino alikwisha kulijibu swali linalofanana na hilo kuhusu simba na mwewe. Anasema katika Summa kwamba dhambi ya mwanadamu haikubadili maumbile ya wanyama, kana kwamba kabla yake simba alikula majani. Naye Mtakatifu Augustino anakiri waziwazi kwamba hajui kwa nini panya, vyura na nzi waliumbwa. Anachokiona ni kwamba kila mmoja ana uzuri wa namna yake. Majibu ya namna hiyo hayampi mwanafunzi alama nyingi kwenye mtihani, lakini ni ya kweli. Linnaeus mwenyewe ilimwia vigumu. Aliposikia habari za mmea wa Marekani unaofumba jani lake juu ya nzi, alidhani jani hufumbuka tena na kumwachia mdudu aende zake. Ilibidi kungoja kitabu cha Charles Darwin cha mwaka 1875, baada ya majaribio mengi ya kuilisha mimea vipande vya nyama na ute wa yai, ndipo wasomi wakaridhika kwamba kweli mmea unakula.

Turudi bara. Sisi hatuna mitungi, lakini tumepewa viriba. Jenasi yenye spishi nyingi kuliko zote miongoni mwa mimea inayokula wanyama ni Utricularia, na jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kiriba kidogo, kile cha ngozi cha kuwekea maji. Tuuite mmea-kiriba. Hauna mizizi. Spishi nyingine huelea kwenye madimbwi, malambo na kingo tulivu za ziwa. Nyingine huishi katika tope na mchanga uliolowa, na hata juu ya mawe ya matale mahali maji yanapochuruzika wakati wa mvua. Kinachoonekana na mpita njia ni ua tu, la njano, jeupe au la zambarau, limesimama juu ya kijiti chembamba. Mtego uko chini, majini au topeni.

Na huo mtego, ndugu zangu, ni mashine. Kiriba kidogo kabisa kina urefu wa sehemu ya tano ya milimita. Kikubwa hufikia takriban sentimita moja. Kiriba husukuma nje maji yaliyomo, hata kuta zake zikabonyea kwa ndani kama mashavu ya mtu anayenyonya, huku mlango wake umefungwa kabisa. Kiumbe kidogo cha majini kikigusa nywele za mlangoni, mlango hufunguka, kuta hutanuka, maji huingia kwa nguvu yakiwa yamekibeba kiumbe hicho, na mlango hufungwa tena. Kiumbe huvutwa ndani kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Darwin hakuweza kuliona tendo hilo, akadhani viumbe hao hujisukumiza wenyewe kwa vichwa vyao. Aliyeona kwamba wanavutwa ni mama mmoja wa jimbo la New Jersey, Marekani, Bibi Mary Treat, ambaye hakuwa na chuo wala maabara kubwa. Alikuwa na hadubini na subira. Darwin, kwa heshima yake, alimtaja kitabuni.

Sasa tazameni ugumu wa kuiainisha mimea ya namna hiyo. Mtaalamu wa mimea hutegemea mzizi, shina, jani na ua. Huu hauna mzizi, na wataalamu wenyewe hubishana kipi kiitwe shina na kipi kiitwe jani. Ua lake ni laini mno. Ukilibana katikati ya karatasi ili likauke, hubaki kama doa la chai. Ule unaoelea, ukiutoa majini, hujikunja ukawa kama nywele zilizolowa. Tena spishi ile ile ikiota kwenye maji mengi huwa na sura moja, na ikiota kwenye tope linalokauka huwa na nyingine. Haishangazi kwamba katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kila mtaalamu wa Ulaya aliyeletewa karatasi yenye doa kutoka Afrika aliona mmea mpya, akaupa jina.

Na karatasi zilikuja kwa wingi, baadhi kutoka huku kwetu. Mwaka 1861 Kapteni James Augustus Grant, mwenzake Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nili, alipita Msalala na Uzinza. Vitabu vya shule vinamkumbuka Speke. Grant ndiye aliyekuwa akichuma mimea njiani, na mimea yake ilipelekwa Kew, bustani na hebaria kuu ya Uingereza, ambako Daniel Oliver aliishughulikia na kuitangaza katika miaka ya 1870. Huyo Oliver ndiye pia aliyezipa majina baadhi ya spishi za mmea-kiriba wa Afrika. Baadaye, Ukerewe, alikaa Padre Conrads wa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, ambaye jina lake liko kwenye vibandiko vya mimea na wadudu wengi wa kisiwa kile.

Kisha yuko mtu wa Shinyanga hasa, naye historia yake ni chungu kidogo. Bernard Dearman Burtt alikuwa mtaalamu wa mimea wa idara ya serikali ya kikoloni iliyochunguza mbung'o, yenye makao yake Old Shinyanga chini ya Charles Swynnerton. Kuanzia miaka ya 1920 Burtt alitembea mapori ya Usukuma na sehemu nyingine za Tanganyika akiandika kila mti, na spishi kadhaa zimebeba jina lake, burttii. Wachache wameyajua mapori yetu kama yeye. Lakini kwa nini serikali ilimlipa ayajue? Ili ijulikane ni vichaka gani vinawapa mbung'o kivuli, vipate kufyekwa. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiua watu na mifugo kufa kwa nagana, kwa hiyo sitaki mtu yeyote ayadharau mahangaiko yao. Hata hivyo matokeo tuliyarithi: ufyekaji ule, pamoja na wingi wa mifugo na kilimo cha pamba kilichofuata, uliiacha Shinyanga uchi, mpaka mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa HASHI wa kurejesha miti na ngitili za wazee wetu. Burtt na Swynnerton walikufa pamoja katika ajali ya ndege mwezi Juni 1938. Kitabu cha Burtt cha kutambulishia miti kilitoka mwaka 1939, mwenyewe akiwa kaburini.

Burtt alikuwa mtu wa miti na vichaka. Viriba vilimsubiri mtu mwingine.

Mtu huyo ni Peter Taylor, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1926 na kuingia Kew mwaka 1948. Katika msimu wa mvua wa mwaka 1955 na 1956 alikuwa Songea pamoja na mkubwa wake, Edgar Milne-Redhead. Ilikuwa miaka 50 kamili tangu Vita vya Majimaji, na wazee walioshuhudia vita vile walikuwa bado hai. Wabenediktini wa Peramiho walikuwa wamekwisha kukaa eneo hilo zaidi ya nusu karne. Wale wawili hawakutafuta dhahabu wala kodi. Walikuja kuchuma mimea kwa ajili ya kazi kubwa iliyokuwa imeanza kuchapwa mwaka 1952, ya kuandika mimea yote ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Yeyote anayefungua vitabu vya mfululizo huo leo atachoka kulisoma neno Songea likifuatwa na majina ya watu hao wawili. Bonde kwa bonde, kilima kwa kilima, walikuwa wanachuma, wanabana, wanaandika namba, wanachuma tena.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mmea wa majini hauwekwi kwenye karatasi kwa mkono. Karatasi huzamishwa ndani ya sinia la maji, mmea ukaachwa uelee na kujitandaza wenyewe, kisha karatasi ikainuliwa polepole. Maua huwekwa kwenye chupa ya spiriti yasiharibike. Kwenye kibandiko huandikwa mahali, tarehe, kimo kutoka usawa wa bahari, udongo, rangi ya ua likiwa bado bichi, kwa maana rangi hiyo itatoweka kesho. Halafu, maelfu ya kilomita mbali na Songea, chini ya hadubini, ndipo kazi ya pili inapoanza: kulinganisha umbo la kiriba, nywele za mlangoni pake, mbegu, na vijani vidogo vilivyo chini ya ua. Kila jina lililowahi kutolewa lina kielelezo chake cha msingi, yaani ule mmea mkavu ambao mtoa jina aliushika mkononi. Vielelezo hivyo vimetawanyika katika hebaria za nchi nyingi, na anayetaka kusema kwamba majina mawili ni ya mmea mmoja hana budi kuvitazama vyote viwili.

Mwaka 1964 Taylor alitoa uchambuzi wake wa mimea-kiriba ya Afrika kusini mwa Sahara na Madagaska. Mwaka 1973 kikatoka kijitabu cha familia hiyo kwa ajili ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1989, miaka 33 baada ya Songea, kikatoka kitabu cha dunia nzima, chenye kurasa zaidi ya 700. Kabla yake ilihesabiwa kuwa jenasi hiyo ina spishi kama 250. Taylor alibakiza 214.

Mnaona ajabu yake? Mtu anatumia maisha yake, na mwisho wa kazi idadi inapungua. Alizitambua spishi mpya pia, mojawapo ni Utricularia troupinii ya milima ya Rwanda na Burundi, lakini sehemu kubwa ya jasho lake ilikwenda kwenye kufuta. Mfano ni Utricularia livida, mmea mdogo wa tope uliotangazwa kwanza kutoka Afrika Kusini. Wataalamu mbalimbali, kila mmoja akiwa na karatasi zake chache mezani, walikuwa wameupa majina mapya kila ulipookotwa, hadi Madagaska. Taylor aliziweka karatasi pamoja, akaona umbo moja likiingia katika jingine bila mpaka, akasema: huyu ni mmoja. Anayefanya kazi hiyo hapati sifa ya mgunduzi, na bila shaka waliotoa majina yaliyofutwa hawakumshukuru. Naye wakati mwingine alifanya kinyume, akagawa kilichodhaniwa kimoja. Katika yote mawili alipaswa kwanza kutazama muda mrefu kuliko wenzake.

Nasema hivi nikikumbuka kwamba katika kitabu cha Mwanzo Adamu anawapa majina wanyama wa kufugwa, ndege wa angani na wanyama wa mwituni. Mimea haitajwi. Ni kana kwamba kazi hiyo iliachwa kiporo. Mfalme Sulemani anasifiwa katika kitabu cha Wafalme kwa kuzungumza habari za miti, kuanzia mwerezi wa Lebanoni hadi hisopo uotao ukutani. Na mimi napenda kwamba hekima yake ilifika mpaka kwenye kijimea cha ukutani.

Ni haki kuongeza kwamba majina ya Wazungu hayatoi picha nzima. Kazi hiyo ilihitaji watu wa kuonyesha njia ya bondeni, kubeba vibanio vya mimea, na kuuliza jina la mmea kwa lugha ya pale, na mara nyingi vibandiko haviwataji. Ahueni ni kwamba mambo yamebadilika. Mwaka 2009 jenasi nzima ya miti ya Tanzania, ya jamaa ya mtopetope, ilipewa jina Mwasumbia, kumheshimu Leonard Mwasumbi wa hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyechuma mimea ya nchi hii kwa miaka mingi. Jina la Kitanzania sasa limekaa pale pale yanapokaa majina ya Kilatini.

Bwana Taylor alifariki mwaka 2011. Mwaka uliofuata, 2012, kikachapwa kitabu cha mwisho cha mfululizo ule wa mimea ya Afrika Mashariki, miaka 60 baada ya kile cha kwanza. Karatasi za Songea zinahifadhiwa kabatini Kew, kavu, na namba zake.

Lakini karatasi ni kumbukumbu tu ya kinamasi, na hapa nawageukia ndugu zangu wa Geita. Dhahabu imechimbwa huko tangu miaka ya 1930, na tangu mwaka 2000 mgodi mkubwa unafanya kazi. Lakini wengi wa waamini wetu wako kwenye maduara na kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo. Nawafahamu, nimebariki vyombo vyao vya kazi, na sijasahau kwamba mabati ya makanisa yetu kadhaa yamenunuliwa kwa jasho hilo. Kila anayechenjua anahitaji maji, na kwa sababu hiyo mialo na mabwawa ya marudio hukaa bondeni, mahali pale pale ambapo mimea-kiriba huishi. Zebaki inayomwagika pale haibaki ilivyo. Katika tope lisilo na hewa vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ambayo huingia katika viumbe wadogo wa majini, hao hao ambao kiriba kinawavuta, kisha katika samaki wadogo, kisha wakubwa, kisha katika sahani ya mama mjamzito. Tanzania imejiunga na Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, na vifaa vya kuunasa mvuke wake wakati wa kuchoma dhahabu vinajulikana. Kinachokosekana mara nyingi ni fedha ya kuvinunua na mtu wa kuonyesha namna ya kuvitumia. Kamati ya Haki na Amani ya parokia imeombwa ilijadili suala hili, na nawasihi wachimbaji wenyewe wahudhurie, kwa kuwa wao wanajua kinachowezekana kuliko paroko.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, anasikitika kwamba viumbe wengi wanatoweka kabla hatujawajua, na hatutawajua kamwe. Kifuniko cha mtungi alichokikosea Padre Loureiro kilikuja kutazamwa vizuri na wengine, kwa sababu mmea ule ulikuwa bado upo. Bonde likigeuka kuwa bwawa la marudio, hakuna Taylor atakayekuja kusahihisha.

Kwa anayependa kujionea, mwezi huu wa mvua ni wakati wake. Atafute lambo la zamani au ukingo mtulivu usio na takataka, au pembezoni mwa majaruba ya mpunga ambayo hayajapigwa dawa. Atazame maua madogo ya njano au meupe yaliyochomoza juu ya maji bila majani. Mengine yana vielea vilivyopangwa kama mashikio ya gurudumu kuzunguka kijiti cha ua. Ainue kipande kidogo akiweke ndani ya gilasi ya maji safi, akishike mbele ya mwanga. Viriba vitupu vinaangaza. Vilivyokwisha kula vimekuwa vyeusi. Asiingie majini miguu mitupu, maana kichocho hakibagui wapenda elimu, na akimaliza kutazama akirudishe alipokitoa.

Tumsifu Yesu Kristo.